Haya ya Kukataa: Mizizi ya Ukatili Katika Nafsi ya Mwanadamu



Tukisikia habari za mauaji, swali la kwanza huwa: watu hawa wana chuki gani? Chuki ipo, na propaganda huilea. Hata hivyo, jioni hii nadai kwamba wengi waliotenda ukatili walisukumwa zaidi na haya: haya ya kumkatalia mkubwa na ya kujitenga na wenzao.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaketisha watu wa kawaida mbele ya mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Waliagizwa wampige shoti "mwanafunzi" aliyekuwa chumba cha pili kila alipokosea jibu. Umeme haukuwepo, ila wao hawakuambiwa. Katika jaribio linalotajwa zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika volti 450. Walitoka jasho, wakatetemeka, wakang'ata midomo, na bado wakabonyeza. Hawakuwa na kisasi na mtu; msimamizi wa jaribio tu aliwaambia waendelee.

Milgram alipobadilisha mazingira, matokeo nayo yalibadilika. Msimamizi alipotoa amri kwa simu, waliotii hadi mwisho walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Na pale wasaidizi wawili wa Milgram, waliojifanya washiriki, walipogoma, ni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho.

Wakosoaji wanasema baadhi ya washiriki walishuku kuwa ule ni mchezo. Basi tuangalie Józefów, Poland, ambako risasi zilikuwa za kweli. Julai 13, 1942, Meja Wilhelm Trapp aliwakusanya askari wa Kikosi cha 101 cha polisi wa akiba kutoka Hamburg, Ujerumani, wengi wao wakiwa watu wazima wenye familia. Huku machozi yakimlengalenga, aliwaeleza kazi yenyewe: kuwaua Wayahudi wa mji ule, wakiwamo wanawake na watoto. Kisha akasema asiyeiweza ajitoe. Kati ya askari karibu 500, waliojitokeza papo hapo walikuwa kama 12. Hadi usiku, Wayahudi wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa.

Mwanahistoria Christopher Browning alipitia maelezo waliyoyatoa askari hao kwa waendesha mashtaka miaka ya 1960. Waliojitoa hawakuadhibiwa. Miongoni mwa waliobaki, wapo waliokiri kwamba waliogopa kuonekana waoga mbele ya wenzao.

Sisi walimu tuna la kujifunza hapa. Tunamtuza mtoto mtiifu, na anayehoji tunamwita jeuri. Utii ni adabu njema, lakini nao una mpaka, na mpaka huo hufundishwa mapema, darasani na kambini, kabla amri mbaya haijatolewa. Anayekataa wa kwanza hujiokoa mwenyewe, na huwafungulia mlango wale waliokuwa wakitamani kukataa wakakosa wa kuwatangulia.