Treni Inayoning'inia



Mhadhara huu umechokozwa na sentensi moja. Msomi mwenzangu, ambaye namheshimu, ameandika katika kitini cha mwaka wa kwanza kwamba treni ya sumaku huelea kwa sababu ncha zinazofanana husukumana. Akaweka nukta. Kwamba ncha husukumana hakuna anayebisha. Ugomvi wangu ni na hiyo "kwa sababu".

Ushahidi unaoletwa kila mara ni wa sumaku mbili za duara, zilizobanduliwa kwenye spika za redio mbovu, zikavikwa kwenye mpini wa mwiko. Ya juu inabaki hewani, darasa linapiga makofi. Nimekulia kwenye kibanda cha fundi redio, na sumaku hizo nilizichezea hadi nikakaripiwa. Itazameni ile ya juu kwa karibu. Imelala upande, ukingo wa tundu lake umeegemea mti, na ukiizungusha inauchubua. Sasa chomoa mwiko. Inachepuka, inapinduka, inambamiza mwenzake kwa uso wa pili. Msukumano ulibeba uzito, sawa, lakini aliyeishika pale ni mwiko.

Aliyelimaliza suala hili ni Samuel Earnshaw, kasisi na mwanahisabati aliyesoma Cambridge, katika makala iliyochapishwa mwaka 1842. Naipenda makala hii kupita kiasi, mtanivumilia. Treni za sumaku hazimo kabisa. Earnshaw alikuwa anahangaika na chembe za etha, kile kitu kilichodhaniwa kubeba mwanga. Etha ilishazikwa zamani. Hoja yake ingali hai. Kani ikipungua kwa mraba wa umbali, hakuna mahali ambapo chembe itatulizwa kutoka pande zote. Ukiidhibiti juu na chini, itatoroka kando. Ukiidhibiti kando, itatoroka juu au chini. Panga sumaku za kudumu upendavyo, mia au elfu, hukumu ni ileile.

Basi treni ya sumaku ya Shanghai inaendaje? Inaning'inia! Mikono yake imepita chini ya njia, na sumakuumeme zilizomo zinavutwa juu kuelekea chuma cha njia, pengo likiwa kama milimita 10. Mvutano nao hautulii wenyewe: pengo likipungua, kani huongezeka. Kwa hiyo vihisi hupima pengo bila kukoma, na umeme hupunguzwa au kuongezwa papo hapo.

Nikitenda haki, msukumano una watetezi wake. Treni ya Japani iliyofika kilomita 603 kwa saa mwaka 2015 hutumia sumaku zilizopozwa mno, zikiamsha umeme kwenye koili za kuta za njia. Lakini koili hizo husukuma na kuvuta kwa pamoja, na mwendo ukiwa mdogo treni hutembea kwa magurudumu. Yupo pia chura wa Nijmegen, Uholanzi, aliyeelezwa na wanafizikia Berry na Geim mwaka 1997. Maji ya mwilini mwake husukumwa na sumaku, kwa unyonge sana, na hapo Earnshaw hakatazi, kwani usumaku huo huzaliwa na uga wenyewe. Chura akaelea, hai.

Nakubali yote hayo. Ila kumwinua chura mmoja kulihitaji uga wa sumaku wa tesla 16 hivi, na mvutano unapeleka abiria uwanja wa ndege wa Pudong, Shanghai, tangu 2004. Kitini kirekebishwe.