Shokomzoba za Nyuma: Kazi Ambayo Mwenye Pikapu Aweza Kuifanya Nyumbani



Mkulima wa Kinangop apakiapo kabichi na viazi katika pikapu yake alfajiri, mawazo yake yote huwa katika safari ya kwenda sokoni. Huogopa uzito wa mzigo, huogopa mteremko, huogopa matope. Lakini mara nyingi hatari kubwa humngoja katika safari ya kurudi, pikapu ikiwa tupu na dereva akiwa na haraka ya kufika kwake. Hapo ndipo magurudumu ya nyuma yaanzapo kurukaruka juu ya vituta vidogo vidogo vya barabara ya changarawe, na kwenye kona mkia wa gari huteleza kando.

Sababu yake si vigumu kufahamu. Springi za nyuma za pikapu zimefanywa ngumu kusudi zihimili mzigo. Toyota Hilux, kwa mfano, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1968, ina springi za nyuma za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Gari likijaa, springi hizo hulala. Likiwa tupu, hurusha. Tena springi ikibonyezwa hairudi mahali pake kwa utulivu, bali hupanda na kushuka mara nyingi. Kazi ya kuituliza ni ya shokomzoba, yaani lile bomba lililofungwa baina ya ekseli na chesisi. Ndani yake mna mafuta, na pistoni yenye matundu membamba hupita katika mafuta hayo. Mafuta hupenya kwa shida, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Basi shokomzoba haichukui mzigo. Kazi yake ni kuitia springi hatamu.

Wengi hawalijui jambo hili. Waonapo mkia wa gari ukiruka, huongeza bapa jingine la springi. Dawa hiyo huzidisha ugonjwa, maana springi iliyo ngumu zaidi hurusha kwa nguvu zaidi, na shokomzoba iliyochoka haiwezi kuizuia. Gurudumu lililo hewani halishiki barabara, na lisiposhika barabara breki haina kazi. Anayelipa ni mtoto avukaye njia, au abiria aliyekaa ndani.

Dalili za kuchakaa ni wazi. Mwenye gari na aikandamize pembe ya nyuma kwa uzito wake wote, kisha aiachie. Ikipanda na kutulia, ni vyema. Ikiendelea kupanda na kushuka, shokomzoba imechoka. Atazame pia kama mafuta yamevuja juu ya bomba, kama mipira ya kwenye ncha zake imepasuka, na kama tairi imelika mabaka mabaka. Tena baada ya mwendo katika njia mbaya, akaribishe mkono kwenye shokomzoba zote mbili. Iliyo nzima hupata joto. Iliyobaki baridi haifanyi kazi.

Kuzibadilisha hakuhitaji karakana kubwa. Hata hivyo, hapana budi kazi ifanywe kwa taratibu, maana anayelala chini ya gari ameuweka uhai wake chini ya chuma kizito.

Siku moja kabla ya kazi, nati zisuguliwe kwa brashi ya waya na kutiwa mafuta ya kulegeza kutu. Siku ya pili gari lisimamishwe mahali palipo sawa na pagumu, breki ya mkono ivutwe, giya iingizwe, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari mbele na nyuma. Kisha ekseli iinuliwe kwa jeki, na stendi za chuma ziwekwe chini ya ekseli, pande zote mbili. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Wala asitumie matofali, kwani hupasuka bila ya kutoa onyo. Yafaa pia awepo mtu wa pili karibu.

Katika pikapu nyingine springi za nyuma ni za kuzunguka kama parafujo. Katika hizo shokomzoba huweza kuwa ndiyo izuiayo ekseli isianguke, kwa hiyo ni lazima ekseli ishikwe vyema kabla ya nati kuguswa.

Shokomzoba ibadilishwe ya upande mmoja kwanza, ili ule wa pili uwe kielelezo. Nati, wosha na mipira ipangwe juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule ilivyotoka. Nati ikikataa kabisa, ikatwe polepole kwa msumeno wa chuma. Isipashwe moto, kwa kuwa mafuta yaliyomo yaweza kuwaka, na nyingine zina gesi ya naitrojeni yenye nguvu nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo shokomzoba kuukuu isitupwe motoni wala isipewe watoto kuichezea.

Ile mpya ilinganishwe na ya zamani kwa urefu na kwa upana wa matundu yake. Iliyo ya mafuta matupu isimamishwe wima, ivutwe na kusukumwa mara 4 au 5, ili hewa iliyo ndani itoke mahali pake pa kazi. Ncha ya juu ifungwe kwanza, kisha ya chini, lakini nati zisikazwe mno. Gari lishushwe mpaka lisimame kwa magurudumu yake, ndipo zikazwe barabara kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Mipira ikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, hupindika na kupasuka upesi.

Shokomzoba hubadilishwa mbili kwa pamoja, ya kushoto na ya kulia. Mwenye kubadilisha moja ili aokoe fedha hulifanya gari lishike njia upande mmoja kuliko wa pili. Na baada ya siku chache za mwendo, nati zote zikaguliwe tena.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye pikapu atakayetoa asubuhi moja kuzitunza shokomzoba zake ataona tairi zake zikidumu, na jioni atarudi kwake salama, gari likiwa tupu au likiwa limejaa.