Nchi Jirani: Bei ya Hisa Nairobi na Wastani wa Siku Mia Mbili



Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, kila hisa kwa shilingi 5 za nchi hiyo. Wengi walikopa benki ili wasipitwe na neema hiyo. Tarehe 9 Juni, siku ya kwanza ya hisa hizo katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ilipita shilingi 7. Kabla haujatimia mwaka mmoja ikawa imeshuka chini ya 3. Aliyenunua kwa 7 kwa fedha za mkopo aliendelea kulipa riba ya mali iliyokwisha kupoteza zaidi ya nusu ya bei yake.

Habari hiyo inawahusu ninyi mlioko makambini na vituoni. Askari anapostaafu hupokea kiinua mgongo chake kwa mkupuo mmoja, na siku hiyo washauri hawakosekani. Kati ya vipimo ambavyo madalali wa hisa hupenda kuvitaja kimo wastani wa bei wa muda mrefu, na mara nyingi ule wa siku 200. Ni kipimo cha kweli, lakini kina mipaka yake, na mipaka hiyo madalali huitaja kwa sauti ya chini.

Chukueni mfano wa mstari wa askari 200 katika gwaride. Kila asubuhi askari mmoja mpya anaingia mkiani, na yule aliyetangulia kuingia kuliko wote anatoka. Mkipima urefu wao wote na kugawanya kwa 200 mtapata wastani, nao hauwezi kuruka kwa sababu ya mtu mmoja mrefu aliyeingia leo. Hisa hupimwa vivyo hivyo. Bei za kufunga soko za siku 200 za biashara, ambazo ni kama miezi kumi, hujumlishwa na kugawanywa kwa 200. Kesho bei ya zamani kuliko zote huondolewa na mpya huingizwa. Tuseme wastani ni shilingi 20 na bei ya leo ni 28. Mnunuzi anatakiwa kulipa asilimia 40 juu ya kile ambacho soko lenyewe limezoea kulipa, na ana haki ya kuuliza ni jambo gani jipya limetokea katika kampuni hiyo. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna, ila watu wanasukumana mlangoni.

Siku ile ya Juni 2008 hapakuwa na gwaride la kupima. Hisa iliyozaliwa leo haina wastani, na ndiyo maana shangwe za siku ya kwanza ni hatari kuliko za siku nyingine zote.

Miaka ilipita, na hisa ya Safaricom, iliyorudi kwenye shilingi 5 mwishoni mwa mwaka 2012, ilivuka 40 mwaka 2021. Kwa sehemu kubwa ya miaka mitano iliyotangulia ilikuwa haijapita 35. Bei ilikuwa juu ya wastani wake kwa kila namna ya kuhesabu, na waliolitazama jambo hilo walikuwa na sababu ya kusita. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya 15.

Hapo ndipo penye mtego. Je, bei iliyo chini sana ya wastani ni bei rahisi? Tuitazame Mumias, kampuni ya sukari ya magharibi ya Kenya. Mwaka 2010 hisa yake iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 10. Baada ya hapo iliendelea kuanguka, na kwa kuwa wastani daima hufuata nyuma kama vumbi la lori, karibu wakati wote wa kuanguka huko bei ilikuwa chini ya wastani. Aliyetumia kipimo hiki peke yake angeambiwa mwaka hadi mwaka kwamba anapata mali kwa bei nafuu. Wakati huo huo madeni yalikuwa yakirundikana, na wakulima wa miwa walikuwa wakidai malipo yao. Hisa ilishuka chini ya shilingi moja, na mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya mfilisi.

Safaricom ya mwaka 2023 ilikuwa na ishara ile ile, lakini ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Wageni walikuwa wakiuza hisa zao kufuata riba kubwa Marekani, shilingi ya Kenya ilikuwa imedhoofika, na kampuni ilikuwa imebeba gharama za kuanza kazi Ethiopia. Hata hivyo ilikuwa bado inapata faida na kuwagawia wenye hisa. Mwaka 2025 bei ilivuka 25 tena. Tofauti kati ya kampuni hizi mbili haikuonekana katika wastani wa bei hata kidogo. Ilikuwa imeandikwa katika hesabu zilizokaguliwa, kwenye mafungu ya faida, madeni na gawio, ambazo gazeti huzichapisha na wasomaji wengi huziruka.

Liko neno moja zaidi kwa wanunuzi wa hapa nyumbani. Kampuni kadhaa za Kenya zimeorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa mfano Kenya Airways tangu mwaka 2004 na benki ya KCB tangu 2008. Hapa hisa hizo huuzwa kwa nadra sana, hivyo bei inaweza kukaa miezi bila kusogea, na wastani wake ukanyooka kama uzi. Utulivu huo ni wa soko lisilo na wanunuzi wala wauzaji. Kwa hisa za namna hiyo, bei ya kupimia ni ile ya Nairobi, ikigeuzwa kuwa shilingi ya Tanzania kwa kiwango cha siku hiyo hiyo.