Kaburi Zuri na Mtu Aliye Hai

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya upendo unaochelewa. Tutaanzia mbali, katika nchi ya India, ambako tulipelekwa na shida.

Kama jamii nyingi za Kenya zifanyavyo, tulimpeleka mgonjwa wetu Delhi kutibiwa. Ni baba yetu mdogo. Mji ule ni mkubwa, honi zalia tangu alfajiri, nasi siku zetu zilipita baina ya kitanda, maabara na dirisha la kulipia. Siku moja tukaambiwa kwamba majibu ya vipimo yatatoka kesho yake. Baba mdogo akasema, "Nendeni Agra, wanangu, mkalione lile jengo. Mmoja wenu abaki nami. Mkirudi mtanisimulia."

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza. Toka Delhi hata Agra ni zaidi ya kilomita 200, nasi tulipita barabara kuu ya Yamuna, iliyofunguliwa mwaka wa 2012. Saa nne za asubuhi tulikuwa langoni. Ukivuka lango lile la mawe mekundu, Taj Mahal yakutokea yote kwa mara moja, nyeupe, na kuba lake limepanda kiasi cha meta 70. Minara minne yasimama pembeni, nayo imeinamishwa nje kidogo, ili ikianguka isiliangukie kaburi.

Naam, ni kaburi. Wengi hudhani ni jumba alimokaa mfalme. Shah Jahan alilijenga kwa ajili ya mkewe, Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka wa 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne. Kazi ilianza mwaka uliofuata. Yasemekana watu kama 20,000 walifanya kazi pale, na marumaru ililetwa kutoka Makrana, mbali sana. Kaburi lenyewe lilimalizika mnamo mwaka wa 1648, na majengo ya kando yakaendelea miaka kadhaa zaidi.

Tusimhukumu mfalme huyo. Mkewe alimpenda angali hai, akasafiri naye hata vitani, na ni katika safari ya namna hiyo mama huyo alipofia, huko Burhanpur. Lakini hazina yote ya ufalme haikuweza kumrudishia pumzi moja.

Tena, kuna neno jingine. Karibu na pale, penye kizingo cha mto, iko ngome ya Agra. Mwaka wa 1658 mwanawe Aurangzeb alimnyang'anya ufalme akamfungia humo, naye hakutoka hata alipokufa mwaka wa 1666. Kutoka ngomeni mzee yule aliweza kuliona kaburi alilolijenga. Je, lile jengo lingeweza kumshika mkono? Aliyekaa naye ndani, akamtunza hata mwisho, ni binti yake Jahanara.

Tuliporudi Delhi usiku, tulimsimulia baba mdogo yote. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akauliza, "Na yule mama, aliliona?"

Tukamjibu, "La, Baba, hakuliona."

Akanyamaza kitambo, halafu akaomba maji ya kunywa. Tulimpa.

Ndugu msikilizaji, swali hilo latuhusu sisi sote. Kwetu mtu akiugua, mara nyingi simu zetu huwa kimya. Mkewe huzunguka peke yake akitafuta fedha za dawa. Lakini akifa, kamati ya mazishi hukutana jioni hiyo hiyo. Hema hukodiwa, ng'ombe hupatikana, jeneza la bei huletwa, na matangazo husomwa redioni majina yetu yakiwamo. Watu waliokosa nauli ya kwenda hospitali huipata nauli ya kwenda matangani. Hatusemi kwamba marehemu asiheshimiwe. Kumzika mtu vizuri ni jambo jema, na walio katika msiba wahitaji kushikwa mkono. Twasema tu kwamba marehemu haoni ng'ombe yule, wala hasikii sifa zile.

Mnamkumbuka yule mwanamke wa Bethania, aliyevunja chupa ya marhamu ya thamani kubwa akampaka Bwana Yesu? Wengine walinung'unika kwamba ni hasara. Baadaye akina mama walibeba manukato kwenda kaburini, wala hawakuwa na wa kumpaka. Yule wa Bethania peke yake ndiye aliyewahi. Harufu ya marhamu yake Bwana aliisikia mwenyewe.

Basi, juma hili mfikirie mtu mmoja. Labda ni mama yako kijijini, au jirani aliye wodini, au ndugu ambaye hamjasemezana tangu lile shauri la shamba. Yale maneno mema unayoweka ya kusemwa siku ya mazishi yake, mwambie sasa. Zile shilingi ambazo ungetoa kwa kamati, zipeleke leo kwenye dirisha la hospitali. Hatuna marumaru wala watu 20,000 wa kututumikia, lakini kikombe cha maji twaweza kukipeleka, na aliye hai ataweza kukinywa.

Kwaherini, wapenzi, mpaka juma lijalo.