Siku Wachimba Makaa Walipowajibu Vigogo wa Chama
(Hotuba iliyotolewa katika semina ya elimu ya uraia)



Nimeombwa nizungumze juu ya uteuzi wa wagombea. Wengi wetu hudhani kwamba uchaguzi ni ile siku moja ya kupiga kura. Lakini anayeamua kipi kipikwe amekwisha kuamua wageni watakula nini. Vivyo hivyo, anayeteua wagombea amekata nusu ya shauri kabla mwananchi hajafika kituoni. Nitawasimulia kisa kimoja cha Marekani, kisha tujiulize kinatufunza nini.

Mwaka 1960 chama cha Democratic kilikuwa kikitafuta mgombea wa urais. Siku hizo majimbo yaliyofanya uchaguzi wa mchujo, ambamo wapiga kura wa kawaida humchagua mtu wamtakaye apeperushe bendera ya chama, yalikuwa machache kati ya majimbo 50. Kwingineko wajumbe walipatikana katika mikutano ya chama, na sauti kuu ilikuwa ya magavana, mameya wa miji mikubwa na wakuu wa vyama vya wafanyakazi. Seneta Lyndon Johnson wa Texas hakuingia katika mchujo hata mmoja. Alitumaini shauri litakatwa na wakubwa mkutanoni.

Seneta John Kennedy wa Massachusetts hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 42, tena alikuwa Mkatoliki, na nchi ile ilikuwa haijapata kuwa na rais Mkatoliki. Vigogo walikumbuka mwaka 1928, Gavana Al Smith, Mkatoliki, aliposhindwa vibaya. Hata Gavana David Lawrence wa Pennsylvania, naye Mkatoliki, aliingiwa na hofu kwamba chama kitaanguka tena. Kennedy hakuweza kuwashawishi kwa maneno. Alihitaji ushahidi.

Tarehe 5 Aprili alimshinda Seneta Hubert Humphrey katika jimbo la Wisconsin. Lakini wachambuzi wakasema: amebebwa na Wakatoliki wenzake. Ushindi ukageuka swali. Ndipo macho yote yakaelekea West Virginia, jimbo la milima na machimbo ya makaa ya mawe, lenye umaskini mwingi, ambamo Wakatoliki walikuwa karibu watu 5 tu katika kila 100. Iwapo Kennedy angekataliwa pale, vigogo wangepata sababu ya kumfungia mlango.

Alikuwa na njia mbili: kuficha dini yake au kuikabili hadharani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kennedy akachagua kusema. Aliwakumbusha wananchi kwamba hakuna aliyemwuliza dini yake alipoingia jeshi la majini, wala dini ya kaka yake, rubani aliyekufa vitani mwaka 1944. Tarehe 8 Mei, katika televisheni, alieleza kwamba rais huapa mbele za Mungu kuilinda katiba inayotenga kanisa na serikali. Akikivunja kiapo hicho, huwa amelikosea taifa na kumkosea Mungu pia. Hakuwaomba Waprotestanti waiache imani yao, bali wampime kwa haki.

Haki hiyo hiyo inatudai tuutaje upande wa pili. Humphrey hakuwa mtu wa kubezwa: mwaka 1948 alisimama katika mkutano mkuu wa chama akatetea haki za Wamarekani weusi. Alizunguka milima ile kwa basi, mfuko wake ukiwa mwepesi, ilhali jamaa ya Kennedy ilikuwa na mali nyingi na iliitumia. Madai ya kura kununuliwa yalisikika wakati ule na yamesikika tangu hapo. Franklin Roosevelt Mdogo, mwana wa rais aliyependwa sana na wachimba makaa, alimfanyia Kennedy kampeni, akamsingizia Humphrey kwamba alikwepa vita, maneno aliyoyajutia baadaye. Basi tusiisifu demokrasia ya wengine kana kwamba haina madoa.

Tarehe 10 Mei wananchi wakapiga kura. Kennedy alipata karibu asilimia 61. Usiku ule ule Humphrey akajitoa katika kinyang'anyiro.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni ajabu yake. Kura ile haikuwafunga wajumbe kisheria, na jimbo lenyewe lilikuwa dogo. Uzito wake ulitoka wapi? Ulitoka katika swali lililojibiwa. Vigogo walikuwa wakisema, "Sisi hatumkatai, ni wananchi watakaomkataa." Wananchi wakajibu wenyewe, na kisingizio kikafa. Mkutano wa Los Angeles ulipopiga kura tarehe 13 Julai, Kennedy alipata kura 806 katika duru ya kwanza, ilhali zilihitajika 761. Mwezi wa Novemba alichaguliwa kuwa rais. Na umaskini alioushuhudia kule haukusahauliwa: mwaka 1961 mpango wa majaribio wa kuwapa maskini hati za kununulia chakula ulianzia West Virginia.

Mwaka 1968 Humphrey huyo huyo aliteuliwa bila kushiriki mchujo hata mmoja. Chama kikagawanyika, mji wa Chicago ukajaa ghasia, na baada yake kanuni zikabadilishwa ili sauti ya wanachama iwe na nguvu zaidi. Mwaka 2020 tuliona tena jimbo moja likigeuza mambo. Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, lakini wapiga kura weusi wa South Carolina wakamwinua tarehe 29 Februari. Siku tatu baadaye alishinda majimbo 10 kati ya 14.

Nasi je? Tunaukumbuka mwaka 1988, wananchi walipopangwa mlolongo hadharani, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 akapita bila kupingwa. Makanisa yalikuwa yamekwisha kuonya tangu 1986 kwamba muumini hawezi kusimama hivyo mbele ya chifu na mwajiri wake akawa huru. Mlolongo ulifutwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A mwaka 1991. Lakini kuruhusu vyama vingi si kumaliza kazi. Chama chenye mlango mmoja, na ufunguo mfukoni mwa mtu mmoja, ni utawala wa chama kimoja uliovaa kanzu mpya.

Basi nawaachia mambo matatu. Jiandikisheni katika vyama, mshiriki uteuzi na kuulinda. Kataeni fedha za mgombea, kwani aliyekununua hana deni kwako. Na pale mtakapoambiwa kwamba fulani hafai kwa sababu ya kabila lake au dhehebu lake, wakumbukeni wachimba makaa wa West Virginia. Waliambiwa wao ndio watakaombagua, na wakakataa kufanywa kisingizio cha wakubwa.

Mungu awabariki.