Wazamiaji wa Meli na Maafisa wa Bandarini



Hapa kwetu Mkuyuni, kando ya Ziwa Viktoria, meli si kitu kigeni. Watoto huziona zikiingia na kutoka Mwanza, na mioyo yao husafiri pamoja nazo. Siku moja kijana mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, mtu akijificha katika meli ya baharini hata akafika Ulaya, hufanywa nini?" Wenziwe walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilijua ya kuwa vijana wengi wa nchi yetu wamekwisha kulijaribu jambo hilo.

Mtu wa namna hiyo huitwa mzamiaji. Huingia melini kwa siri, akajificha katika shehena au katika chumba cha mnyororo wa nanga, naye hujitokeza njaa na kiu zikimshinda. Nahodha akimwona, yampasa kumpa chakula, malazi na matibabu, na kupeleka habari zake katika bandari iliyo mbele. Haya yamo katika kanuni za wazamiaji zilizotiwa mwaka 2002 katika mkataba wa usafiri wa bahari uliofanywa London mwaka 1965, nazo zilianza kutumika mwaka 2003.

Meli ikifika, maafisa wa uhamiaji hupanda. Humwuliza mzamiaji jina lake, mahali alipozaliwa, lugha yake, na bandari aliyopandia. Humpiga picha, tena huchukua alama za vidole vyake. Ikiwa hana hati, ubalozi wa nchi yake huombwa umtambue na kumpa hati ya safari. Akisema kwamba amekimbia kuteswa au kuuawa, yapasa asikilizwe, kwa kuwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 wakataza kumrudisha mtu penye hatari hiyo. Asiye na sababu kama hiyo kwa kawaida hurudishwa kwao, mara nyingi kwa ndege, akifuatana na walinzi, na gharama humwangukia mwenye meli. Na bandari ikikataa kumshusha, hubaki melini na kuendelea na safari asiyoichagua.

Basi gharama hizo ndizo zinazofanya mioyo ya mabaharia wengine kuwa migumu. Mwaka 2011 Watanzania wawili walijificha katika meli iitwayo Dona Liberta, huko Cape Town. Walipoonekana, walishushwa katikati ya bahari ya Atlantiki juu ya chelezo kidogo. Mawimbi yaliwachukua mpaka pwani ya Liberia. Mmoja alikufa siku chache baadaye. Wa pili, aliyeokoka, alifungwa miezi mitano kwa kosa la kuingia nchini bila ruhusa, na wale waliowashusha wakaenda zao. Kanuni zilikuwapo; lakini katikati ya bahari hakuna askari wala shahidi.

Nilimjibu yule kijana hivi: "Akifika, swali la kwanza ni hili: Wewe u nani, na nchi yako ni ipi? Wako wanaotupa hati zao baharini ili wasijulikane, wakidhani wamejifungulia mlango. Kumbe wamejifungia. Maana asiyejulikana hakuna nchi itakayosema, huyu ni wetu, na kizuizini ndiye hukaa siku nyingi kuliko wenziwe."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Na ninyi, watoto, ambao pengine siku moja mtakuwa manahodha au maafisa wa bandari, kumbukeni ya kuwa yule anayetoka katika shehena, amechafuka na kutetemeka, amevunja sheria kweli. Lakini hakuacha kuwa mtu. Mwulizeni habari zake, lakini kwanza mpeni maji.

Kwaherini.