Mtindi wa Baguio: Sataranji na Vituko vya Maisha

Mheshimiwa Mwenyekiti, Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa kuwa mmesikia kuna chai na sambusa baada ya mhadhara: karibuni nyote.

Mtu akikuambia maisha ni sataranji, mchunguze. Mara nyingi anachomaanisha ni kwamba yeye ndiye anayesogeza kete na sisi wengine ndio kete zenyewe. Mwanasiasa aliyenusurika kutumbuliwa husema hivyo. Mkurugenzi husema hivyo kwenye semina ya uongozi, na slaidi nyuma yake ina picha ya mfalme mweusi aliyelala chali. Hata kijana aliyeachwa na mchumba atakuapia kwamba alikuwa ameshaliona jambo hilo hatua tano kabla. Sijamsikia hata mmoja akisema, "Maisha ni sataranji, nami ni askari wa pembeni." Mimi siukatai mfano huo. Nasema tu kwamba ukweli wake umo upande tunaouonea haya: katika kanuni za ajabu za mchezo huu, na zaidi katika vituko vya watu wazima wenye akili timamu wanaoucheza.

Mzee Benjamin Franklin alichapisha mwaka 1786 insha kuhusu maadili ya sataranji. Alidai kwamba mchezo huu humfundisha mtu kuona mbali, kuangalia pande zote na kuacha pupa. Ni insha nzuri, na hadi leo kila anayetaka sataranji iingizwe shuleni hujikuta akirudia hoja zake. Lakini mtazameni Franklin mwenyewe miaka michache kabla ya hapo, akiwa mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa, anaishi Passy, jirani na Paris. Usiku mmoja alicheza sataranji na jirani yake katika bafu la Madame Brillon, naye mama mwenye nyumba yumo ndani ya beseni la kuogea. Msishtuke, wakubwa wa zama zile walipokea wageni wakiwa bafuni, na beseni lilifunikwa kwa ubao. Franklin aliporudi kwake alikuta inakaribia saa tano za usiku, ikambidi aandike barua ya kuomba radhi kwa kumweka mwenyeji wake majini muda wote ule. Mwalimu wa kuangalia pande zote alikuwa hajaangalia upande wa beseni.

Tuje kwenye kanuni. Sataranji ina hatua moja tu ambapo kete mbili za upande mmoja husogea kwa pamoja: mfalme huruka vyumba viwili kuelekea kwenye ngome, na ngome huruka ikakaa ubavuni mwake. Yeyote aliyewahi kuona mkubwa akihamishwa kituo pamoja na gari na dereva wake anaielewa hatua hii bila kufundishwa. Utamu wake uko kwenye masharti. Mfalme hawezi kujihifadhi hivyo ikiwa ameshawahi kusogea, hata kama baadaye alirudi mahali pake. Hawezi kupita kwenye chumba kinacholengwa na adui. Na hawezi kabisa ikiwa wakati huo amepigiwa cheki. Kwa lugha ya ofisini: omba uhamisho kabla wakaguzi wa hesabu hawajagonga mlango.

Kanuni ya pili ninayoipenda ni ile ya mfalme aliyekosa pa kwenda. Zamu ni yake, hajapigiwa cheki, lakini hana hata hatua moja halali ya kucheza. Mnadhani ameshindwa? Hapana. Mchezo unahesabiwa sare, na yule tajiri wa kete anayemzunguka pande zote anagawana naye pointi nusu kwa nusu. Hapa ndipo wadai wengi wangepaswa kusoma sataranji. Unamdai fundi cherehani, unamnyang'anya cherehani, meza, hata pasi ya mkaa, kisha unakaa mlangoni kwake kungoja akulipe. Atakulipa kwa nini? Umembana hadi ukamwokoa.

Jamaa wa hali hiyo ni ile ambapo mchezaji anazo hatua halali, ila kila moja inamharibia. Angeweza kukaa kimya, asingekuwa na tatizo lolote. Kinachomuua ni wajibu wa kucheza, kwa sababu kwenye sataranji hakuna kupisha zamu. Sitaieleza zaidi. Nitasema tu kwamba umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ya mtoto wa bosi wako, na mweka hazina ameanza kuorodhesha ahadi.

Halafu kuna kanuni ya kugusa: kete uliyoigusa, hiyo ndiyo utakayoicheza. Ukitaka tu kuiweka sawa kwenye chumba chake, sharti useme hivyo kabla ya kuigusa. Mwaka 1967 kwenye mashindano makubwa ya Sousse, Tunisia, bingwa wa Yugoslavia Milan Matulović, akicheza na István Bilek wa Hungaria, alisogeza kete, akagundua amejimaliza, akairudisha, ndipo akatamka kwamba alikuwa anaiweka sawa tu. Bilek alilalamika, na malalamiko yake hayakumsaidia. Wenzake wakambandika Matulović jina la utani lililotokana na tamko hilo, likamganda. Bara letu limeendelea kuiheshimu kazi yake: kila wiki yuko kiongozi mmoja aliyekwisha kusema alichosema, akaona kimemfikisha wapi, ndipo akaita waandishi wa habari kuwaeleza kwamba alinukuliwa vibaya.

Sasa tufike Baguio, Ufilipino, mwaka 1978. Bingwa wa dunia Anatoly Karpov, kipenzi cha dola ya Kisovyeti, alikuwa akitetea taji lake dhidi ya Viktor Korchnoi, aliyeitoroka dola hiyohiyo miaka miwili kabla. Vichwa viwili bora vya mchezo huo duniani. Kama kuna mahali ambapo hekima ya sataranji ingepaswa kumwagika hadi sakafuni, ni pale. Kilichomwagika ni ugomvi.

Walianza na viti. Kiti cha Korchnoi kilipelekwa kupigwa eksirei, isije kuwa kimefichwa kitu. Katika mchezo wa pili Karpov aliletewa mtindi mezani, nao upande wa Korchnoi ukaandika malalamiko rasmi: nani ajuaye, pengine chakula kile, kwa aina yake au kwa saa yake ya kuletwa, kilibeba ujumbe wa siri kutoka kwa washauri wake. Inasemwa kwamba walioandika walikuwa na utani mwingi kuliko hofu. Lakini kamati haina kanuni ya kupokea utani, kwa hiyo mtindi ukajadiliwa na waheshimiwa kwa uzito wake wote, hadi ukapangiwa utaratibu wa kuhudumiwa. Wakati huohuo kulikuwa na Dokta Vladimir Zukhar, mtaalamu wa saikolojia aliyekuja na ujumbe wa Kisovyeti, ambaye kazi yake ilionekana kuwa kukaa viti vya mbele na kumkodolea macho Korchnoi. Korchnoi naye akavaa miwani ya vioo vinavyoakisi mwanga.

Mliowahi kuhudhuria kikao cha bodi mnacheka kwa sababu mmekitambua. Kuna ajenda, kuna kumbukumbu za kikao kilichopita, na kuna mtindi. Saa mbili zinakwenda kwenye mtindi. Na tusiwadharau watu wa Baguio: mechi ilifika michezo 32, na Karpov alishinda 6 kwa 5, sare hazihesabiwi. Pengo lilikuwa mchezo mmoja tu. Katika hali hiyo mtu mwenye akili ataushuku mtindi, atakishuku kiti, atamshuku daktari, maana yote mengine ameshayakokotoa. Ushirikina, kwa maoni yangu, si ujinga kila mara; wakati mwingine ni akili iliyobaki bila kazi. Waulizeni wanaosajili timu za mpira.

Mtaniuliza, mbona unatupeleka Ufilipino wakati nyumbani tuna bao? Swali halali. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na vyumba 64. Sijengi nadharia juu ya hesabu hiyo, inanifurahisha tu. Tofauti iliyo nzito ni jinsi ya kutendea mateka. Kwenye sataranji kete iliyoliwa inatolewa, inakaa kando ya meza, habari yake imekwisha. Kwenye bao kete iliyoliwa inapandwa upande wa aliyeila, na zamu ijayo inamla bwana wake wa jana. Hakuna anayekufa, watu wanaunga mkono juhudi. Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na sidhani kama aliona jambo lolote kwenye siasa za ukanda huu ambalo shimo la bao halikumtayarishia.

Kuna pia suala la watazamaji. Sataranji ya mashindano inachezwa kimya, na mtazamaji anayekohoa hutazamwa kama mwizi. Bao linachezwa barazani, na wanaosimama wanajua zaidi ya wanaokaa. Tena wanasema, na mzee mmoja lazima akumbushe jinsi marehemu fulani angeicheza kete ile. Nikiulizwa ndoa inafanana na mchezo upi kati ya hiyo miwili, sihitaji muda wa kufikiri. Ndoa ya sataranji, ya watu wawili na kimya, naijua moja tu, nayo haikufika mbali. Msanii Mfaransa Marcel Duchamp, ambaye kwa miaka kadhaa aliipa sataranji muda ambao wengine walitaka aupe uchoraji, alioa mwaka 1927. Inasimuliwa kwamba kwenye fungate alikesha akitatua mafumbo ya sataranji usiku baada ya usiku, hadi bibi arusi alipongoja amelala, akazibandika kete zote ubaoni kwa gundi. Mwanzoni mwa 1928 walikwisha kuachana. Mwaka 1954 Duchamp alioa tena. Mke huyu wa pili, Alexina, alikuwa mchezaji wa sataranji, na hao walikaa pamoja hadi mume alipofariki mwaka 1968.

Sambusa ziko nje. Atakayegusa, ndiyo hiyo atakayokula.